Deodandi: Kitu Kilichoua na Yule Aliyekipokea

Kwa zaidi ya miaka mia sita, mtu alipokufa kwa ajali nchini Uingereza, sheria ilitaka kujua mapema kabisa ni kitu gani kilichomuua na kitu hicho kilikuwa na thamani gani. Kama alikanyagwa na mkokoteni, ulitajwa mkokoteni pamoja na ng'ombe waliouvuta. Kama alipigwa teke na farasi, alitajwa farasi. Kama alitumbukia ndani ya pipa la pombe iliyokuwa ikichemka, lilitajwa pipa. Kitu hicho kiliitwa deodandi, na kwa kuitwa hivyo kilitoka mikononi mwa mwenyewe kikawa mali ya mfalme, ama chenyewe ama thamani yake kwa fedha. Mwenye mali hakuhitaji kuwa na kosa lolote. Angeweza kuwa mbali kabisa na mahali pa ajali, hata asijue kwamba farasi wake ametolewa zizini, na bado angempoteza. Sheria hii ilifutwa mwaka 1846, na tangu hapo neno limebaki katika historia ya sheria, ambako mara nyingi hutajwa kama kichekesho cha watu wa kale waliohukumu magurudumu na wanyama. Naona kusomwa hivyo ni kulipunja neno hili. Ndani yake kuna swali ambalo kila sheria ya ajali hulijibu, liwe limeulizwa waziwazi au la: mtu anapouawa bila kukusudiwa, ni nani aliyedhulumiwa, na kwa hiyo ni nani anayestahili kulipwa?

Jina limetoka katika Kilatini cha zama za kati, Deo dandum, yaani kitu cha kutolewa kwa Mungu. Kwa nadharia, thamani ya deodandi ilipaswa kutumika katika mambo ya kheri, ikigawiwa kama sadaka na afisa wa mfalme aliyesimamia kazi hiyo. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha ufafanuzi wake maarufu wa sheria za Uingereza mwaka 1765, aliieleza desturi hii kuwa masalia ya nyakati ambazo nchi hiyo ilikuwa ya Kikatoliki, mali ile ikikusudiwa kuiombea roho ya mtu aliyechukuliwa na mauti ghafla, kabla hajapata nafasi ya kutubu. Kwa njia hiyo aliweza pia kuieleza kanuni moja iliyowatatiza wengi, iliyosema kwamba mtoto mdogo akianguka kutoka kwenye mkokoteni au farasi aliyesimama na kufa, hakuna deodandi: mtoto hajafikia umri wa kutenda dhambi, hivyo roho yake haihitaji upatanisho. Wengine walirudi nyuma zaidi, hadi Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ambamo ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe anaamriwa apigwe mawe na nyama yake isiliwe. Ufanano upo, lakini unaishia njiani. Ng'ombe wa Kutoka alikufa na hakuna mtu aliyefaidika naye, hata kwa kipande cha nyama. Deodandi iliuzwa, na fedha zake zilikuwa na mpokeaji.

Kanuni zake zilikuwa na mantiki yake ndogo ambayo mwanasheria wa zama zile aliijua barabara. Jambo kubwa lilikuwa mwendo. Mtu akipanda juu ya gurudumu la mkokoteni uliosimama, akateleza akafa, gurudumu pekee ndilo lililokuwa deodandi, kwa sababu ndilo lililosababisha kifo. Mkokoteni huohuo ukiwa unatembea na kumkanyaga, basi gurudumu, mkokoteni na mzigo wote vilichukuliwa, kwa kuwa kila kilichokuwa katika mwendo kilihesabiwa kuwa kilichangia uzito wa mauti. Mtu akichomwa kwa upanga wangu bila mimi kujua, upanga wangu ulikwenda. Mtu akianguka kutoka kwenye chombo katika mto au ziwa akazama, chombo na shehena yake kwa ukali wa sheria vilikuwa deodandi, lakini ajali za bahari kuu hazikuhusika. Hii ndiyo sababu hati za mashtaka ya mauaji za Uingereza kwa karne nyingi zilitaja bei ya silaha: kisu cha peni kadhaa, fimbo ya peni moja. Msomaji wa leo anaweza kudhani ni ushamba wa makarani, kumbe bei iliandikwa ili mfalme ajue anadai nini.

Hata hivyo, kanuni hizi za magurudumu hazinivutii kama yaliyotokea kabla ya mfalme kuingia. Katika sheria za mfalme Alfred, aliyetawala ufalme wa Wessex kuanzia mwaka 871 hadi 899, kuna kifungu kuhusu watu wanaofanya kazi pamoja msituni: mti wa mmoja ukimwangukia mwenzake bila kukusudia na kumuua, mti huo wapewe jamaa wa marehemu, nao wauondoe katika ardhi hiyo ndani ya siku 30. Kitu kilichoua kilikwenda kwa waliofiwa. Hawakupewa utajiri, kwa maana mti ni mti tu, lakini sheria ilikuwa imetambua mlango wa msiba ulikuwa wapi. Msomaji wa pwani yetu ataiona hapa njia ya kufikiri isiyo ngeni kwake, kwa sababu diya, yaani fidia ya damu ya mtu aliyeuawa kwa makosa, imeamriwa katika aya ya 92 ya sura An-Nisaa ifikishwe kwa ahali wa aliyeuawa, ila wao wenyewe wakiisamehe na kuifanya sadaka. Hiari ya kutoa sadaka ni ya mfiwa.

Baadaye, Uingereza ilipopata wafalme wenye nguvu na wenye hazina ya kujaza, mpokeaji alibadilika. Mwaka 1194 iliasisiwa ofisi ya mchunguzi wa vifo, afisa aliyekwenda kuitazama maiti ya kila aliyekufa kifo cha ghafla au cha mashaka, akawakusanya wenyeji kuwa juri, na pamoja nao akaamua marehemu amekufaje. Leo ofisi kama hiyo tunaihusisha na haki za raia. Wakati ule kazi yake kubwa ilikuwa kulinda mapato ya mfalme, na deodandi ilikuwa mojawapo ya mapato hayo. Kisha wafalme wakaanza kuigawa haki yenyewe: mabwana wa ardhi, miji na taasisi za kanisa walipewa hati za kupokea deodandi za maeneo yao. Hapo jina na kitu viliachana kabisa. Kilichoitwa cha Mungu kilikuwa cha bwana wa eneo, na mjane ambaye mumewe alikanyagwa na mkokoteni alibaki na kaburi, huku thamani ya mkokoteni ikiingia katika hazina ya mtu ambaye pengine hakuwahi kumwona marehemu.

Wananchi wa kawaida waliokaa katika juri waliliona hilo. Blackstone anaandika kwamba majuri yalizoea kupunguza makali ya sheria kwa kutaja kitu kidogo tu, au sehemu ya kitu kizima, kuwa ndicho kilichosababisha kifo, na kwamba Mahakama ya Mfalme kwa kawaida ilikataa kuingilia ili kuwanufaisha mabwana waliolalamika. Farasi wa maskini akimuua mtu kwa teke, juri lilitaja shilingi moja. Walifahamu kwamba kumnyang'anya mkulima mnyama wake wa pekee kungezaa msiba wa pili kijijini bila kuupunguza ule wa kwanza. Kufikia karne ya 18 deodandi ilikuwa karibu ganda tupu, na kama mambo yangeendelea hivyo ingejifia yenyewe bila mtu kuikumbuka.

Kilichoifufua ni mvuke. Boila za meli na viwanda zilipasuka, kisha zikaja reli, na kwa mara ya kwanza kitu kilichoua hakikuwa cha jirani maskini. Kilikuwa cha kampuni yenye wanahisa, na thamani yake ilikuwa mamia au maelfu ya pauni. Ajali iliyolitangaza neno hili nchi nzima ilitokea alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, mahali panapoitwa Sonning, karibu na mji wa Reading, kwenye njia ya kampuni ya Great Western. Mvua kubwa ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli. Treni ya mizigo kutoka London iliugonga udongo huo gizani, na abiria wa daraja la tatu, ambao walikuwa wamepakiwa katika mabehewa ya wazi nyuma tu ya injini, walibanwa na mabehewa mazito ya mizigo yaliyokuwa nyuma yao. Watu tisa walikufa. Wengi wa abiria wale walikuwa waashi wa jengo jipya la Bunge, wakirudi makwao kwa Krismasi. Juri liliweka deodandi ya pauni 1,000 juu ya injini na mabehewa.

Kiasi hicho hakikuwa hesabu ya thamani ya chuma. Ilikuwa hukumu. Watu wa kawaida, wakiwa wamesikia ushahidi kuhusu mabehewa yasiyo na ukuta na jinsi binadamu walivyotangulizwa mbele ya mizigo, walichukua chombo cha kale kilichokuwa mezani na kukitumia kusema kwamba kampuni imekosea. Hawakuwa na chombo kingine. Mkaguzi wa serikali aliyeichunguza ajali hakuiona kampuni kuwa na hatia, na deodandi yenyewe baadaye ilitenguliwa kwa sababu za kiufundi za kisheria. Lakini kelele iliyotokana na ajali ile ilichangia sheria ya reli ya mwaka 1844, iliyozilazimisha kampuni kuwapa abiria wa daraja la tatu viti na kinga dhidi ya hali ya hewa, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili.

Kwa nini watu wa juri hawakuwa na chombo kingine? Jibu ni shauri la mwaka 1808, Baker dhidi ya Bolton, ambalo kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki hukutana nalo. Gari la farasi la abiria lilipinduka. Bwana Baker aliumia, na mkewe alikufa hospitalini kama mwezi mmoja baadaye. Mke huyo alikuwa akimsaidia kuendesha baa yao. Jaji Ellenborough aliwaelekeza watu wa juri kwamba mume anaweza kulipwa kwa kukosa msaada na uandamani wa mkewe hadi siku ile alipokata roho, na si zaidi, kwa sababu mbele ya mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni madhara. Baker alipata pauni 100. Maana yake ni kwamba aliyemvunja mtu mguu alilipa, na aliyemuua hakulipa kitu kwa kifo chenyewe. Nimeisoma hoja hii mara nyingi na bado naona ni mojawapo ya hoja mbaya kabisa zilizowahi kutolewa na jaji mwenye akili. Ukiiweka pamoja na deodandi unapata mfumo kamili wa wakati ule: sheria ilikuwa tayari kumlipa mfalme au bwana wa ardhi kwa kifo cha mke wa mtu, na haikuwa tayari kumlipa mume.

Aliyeuvunja mfumo huo bungeni alikuwa John Campbell, Mskoti mzaliwa wa Cupar, na asili yake haikuwa jambo dogo, kwa kuwa sheria ya Uskoti ilikuwa tayari inairuhusu familia kudai kutoka kwa aliyemuua mtu wao. Mwezi Agosti 1846 zilipitishwa sheria mbili. Moja iliifuta deodandi. Nyingine, Sheria ya Ajali za Vifo, ambayo mpaka leo wanasheria huiita kwa jina la Campbell, ilimpa mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kufidiwa na yule ambaye kwa uzembe wake alisababisha kifo. Wako wanaoisimulia Agosti ile kama ushindi wa akili dhidi ya ushirikina. Simulizi hiyo inasahau kwamba deodandi ilivumiliwa kwa karne nyingi ilipomwangukia mwenye mkokoteni, na ilionekana haivumiliki ilipoanza kuwaangukia wenye reli. Kampuni zilifurahi kuiona ikiondoka. Kilichowazuia wenye reli kuondoka bila kuacha chochote nyuma ni kwamba Campbell alizisukuma sheria mbili kwa pamoja, na kwa hilo anastahili heshima kuliko anayopewa.

Sheria mpya ilikuja na kipimo chake, na hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Mwaka 1852, katika shauri la Blake dhidi ya kampuni ya reli ya Midland, mahakama iliamua kwamba fidia chini ya sheria ya Campbell ni ya hasara ya kifedha peke yake. Huzuni ya mjane haihesabiwi. Kutoka hapo kifo cha mtu kikawa kinapimwa kwa kipato alichokuwa akikileta nyumbani. Aliyeingiza fedha nyingi, kifo chake ni ghali. Mtoto, mzee na asiye na ajira, kifo chao ni rahisi. Mpokeaji alikuwa amesahihishwa baada ya miaka mia sita, lakini kinachopimwa kilikuwa kimebadilika kutoka thamani ya kitu kilichoua na kuwa thamani ya mshahara uliokatika. Maisha ya marehemu yenyewe hayakupimwa katika mfumo wa kwanza wala wa pili.

Deodandi haikuwahi kufika kwetu. Kenya inapokea sheria za Uingereza za matumizi ya jumla zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, na Tanzania Bara kwa tarehe 22 Julai 1920. Kufikia siku hizo ilikuwa imekwisha kufa. Kilichofika ni mrithi wake. Sheria ya Ajali za Vifo ya Kenya, Sura ya 32, inarudia orodha ileile ya Campbell: mke, mume, mzazi na mtoto. Tanzania inayo Sura ya 310, sheria yenye jina refu la kurekebisha mambo ya ajali za vifo na mengineyo, ambayo kwa ajabu ya uandishi wa sheria ndiyo hiyohiyo mawakili wanayoitegemea kuiomba Mahakama Kuu ipitie maamuzi ya serikali. Mahakamani Kenya hesabu inajulikana: chukua kipato cha marehemu, kizidishe kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, kisha chukua sehemu iliyokuwa ikiwafikia wategemezi, ambayo kwa mwenye familia mara nyingi huwekwa theluthi mbili. Kwa dereva wa matatu, kibarua au mama anayeuza mboga, ambaye hana hati ya mshahara, kazi ya kuthibitisha kipato inakuwa ni kesi ndani ya kesi.

Majaji wetu wameuhisi ubaridi wa kipimo hiki na wamejaribu kukipasha moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba wazazi wa mtoto mdogo wanaweza kulipwa fidia hata kama mtoto hakuwa na kipato, kwa hoja kwamba katika jamii zetu mtoto ni tegemeo la wazazi wake. Hoja hiyo ni ya kibinadamu kuliko ile ya Blake, na inaujua ukweli wa nyumba za huku. Hata hivyo bado imelazimika kuvaa nguo za Campbell: ili mama afidiwe kwa kifo cha mwanawe, inabidi mtoto asemwe kuwa ni mali itakayozaa baadaye. Mbali na hilo kuna kiasi kinacholipwa kwa ajili ya maisha yaliyofupishwa, ambacho kwa muda mrefu mahakama za Kenya zimekiweka kwenye kama shilingi 100,000. Fedha hiyo huingia katika mirathi ya marehemu, kwa nadharia kwamba ni yeye aliyepoteza. Aliyezika hana fungu lake kwa jina la msiba.

Kabla sijaliacha neno lenyewe, ni vizuri kusema linavyotumika leo, kwa sababu linatumika vibaya mara nyingi. Wanaopinga utaifishaji wa magari, boti na nyumba zilizohusishwa na uhalifu hupenda kusema kwamba hiyo ni deodandi iliyofufuka. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la boti iliyokamatwa Puerto Rico kwa sababu aliyeikodi alikutwa na bangi, iliisimulia historia ya deodandi kwa kirefu na kuhalalisha utaifishaji ingawa kampuni iliyomiliki boti haikujua kitu. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema kwamba deodandi haikuwa sehemu ya mapokeo ya sheria ya kawaida ya Marekani, yaani ile inayojengwa na maamuzi ya majaji, na kwamba utaifishaji wa huko ulitokana zaidi na sheria zilizotungwa, za forodha na usafiri wa majini. Kinachofanana ni wazo la kukihukumu kitu pasipo kumhukumu mwenyewe. Kinachokosekana ni kifo, na deodandi bila maiti si deodandi. Anayelalamika kwamba lori lake limetaifishwa kwa sababu dereva alibeba magogo ya magendo anaweza kuwa na hoja nzuri sana, ila aitafute katika haki ya mtu asiye na hatia kumiliki mali yake. Wapo pia wanaolirudia neno hili wanapojadili magari yanayojiendesha, nao wako karibu zaidi na maana yake, kwa kuwa hapo kuna mtu aliyekufa, kuna kitu kilichoua, na kuna tajiri anayesema hakuwa na mkono katika tukio.

Uingereza yenyewe ilirudi kwenye swali la huzuni mwaka 1982, ilipoweka katika sheria kiasi maalumu, wakati huo pauni 3,500, cha kulipwa kwa msiba tu: kwa mume au mke, na kwa wazazi wa mtoto ambaye hajaolewa wala kuoa na hajatimiza umri wa utu uzima. Hakiulizi marehemu alilipwa kiasi gani kwa mwezi. Ni kidogo, na orodha ya wanaokistahili imelalamikiwa kwa ufinyu wake, lakini kinamtaja mfiwa kama mfiwa. Sura ya 32 ya Kenya haina kifungu kama hicho. Bunge likiiongezea kimoja, chenye kiasi kinachojulikana, kinacholipwa mapema bila kusubiri ubishi wa kipato, na chenye orodha inayowataja ndugu na bibi aliyemlea marehemu, mahakama hazitahitaji tena kumwita mtoto wa miaka sita kitega uchumi ili mama yake alipwe.